Kosa Lililofutika Wakati wa Misa

Jirani yangu Jemima Kahongya hapokei kitu kizima bila kujaribu kukivunja. Nikimshonea blauzi, kwanza anavuta mshono kwa nguvu zake zote mbele ya macho yangu, uso mkavu, ndipo anasema asante. Mtu mwingine ningemfukuza. Yeye nimemzoea, maana tunakaa ua mmoja hapa Butembo, na kuvunja ndiyo kazi inayomlisha.

Alizaliwa upande wa Lubero, kwa wakulima wa kahawa. Akasomea kompyuta, akafanya kazi Beni, mtaa wa Mulekera, katika duka la kutengeneza mashine, kisha akarudi huku na meza moja na nyaya za kutosha kufungia mbuzi wote wa mtaa. Anatengeneza visanduku: kompyuta ndogo za kulinda pampu, friji na taa za jua. Na kabla kisanduku hakijatoka mezani kwake, anakiharibu makusudi. Siku moja nilimuuliza kama ana akili timamu.

"Mama Safi," akanijibu, "ndani ya kila kompyuta kuko kiini. Programu zote zinaomba kwake: nipe nafasi ya kumbukumbu, niandikie hii, nisomee ile. Mimi naambia kiini ijibu 'hakuna', hata kama iko. Donc, naona kama programu itasimama ao itaanguka."

Nikaelewa kwa akili ya fundi cherehani. Ni sawa na mimi nimtume mtu uzi dukani, huku nimekwisha kumnong'oneza mwenye duka amjibu kwamba uzi umekwisha. Mwenye akili atakwenda duka la pili. Mjinga atakaa barazani mpaka jioni.

"Ni vile vile," Jemima akasema. "Kosa yenye kuja yenyewe haina adabu. Yangu inapiga hodi."

Mwaka huu alipata kazi iliyomnyima usingizi: chumba cha baridi cha samaki, kule Bulengera. Umeme ukikatika, kisanduku chake kiwashe jenereta chenyewe. Msimamizi wa chumba alikuwa Papa Henri, mtu wa haraka anayeanza kujibu kabla hujamaliza kuuliza. Mteja wa kwanza alikuwa Anne-Marie, mjane anayeleta tilapia kutoka Kyavinyonge, rafiki yangu wa siku nyingi. Aliwahi kupoteza mzigo mzima kwa joto, akaanza upya kwa taabu. Tangu hapo, kila umeme ulipokatika, hata akiwa na tonge mkononi, aliinuka kwenda kuangalia samaki wake. Mzigo mwingine ukioza, hana pa kuanzia tena, na sote tulilijua hilo.

Jumapili, Jemima alipanda kosa lake ndani ya kisanduku. Kiini kiliambiwa kiinyime programu kumbukumbu mara kwa mara, asubuhi nzima, na yeye akaenda misa. Aliporudi, akakuta taa ya kijani inawaka na programu inafanya kazi kama kawaida. Akapiga makofi peke yake. "Imepita!" akanipigia kelele dirishani. Jumatatu asubuhi Papa Henri akakichukua kisanduku, akakifunga mahali pake, na samaki wa Anne-Marie wakaanza kuingia.

Sasa, mimi ni Mwislamu. Jumapili siendi misa. Nilikuwa nyumbani na nguo ya bibi arusi, satini nyeupe, ninaipiga pasi. Jumatatu hiyo Jemima alipopita kuchukua sketi yake, nilikuwa bado na hasira, nikamwagia yeye.

"Jana mulipokuwa ku misa courant ilienda," nikamwambia. "Pasi yangu ikapoa, ikatema maji juu ya satini. Angalia hii alama! Nitamwambia nini mama ya bibi arusi?"

Hakuitazama alama. "Courant ilienda? Umeme ilikatika?"

"Ilienda, ikarudi mukiwa bado ku misa. Juu ya nini unaniangalia hivyo?"

Akakaa juu ya kiti changu cha cherehani, akashika kichwa. Lile kosa, akaniambia, haliandikwi mahali popote pa kudumu. Linakaa katika kumbukumbu tu, na mashine ikizimika linafutika. Siku zote betri iliyo mezani kwake ndiyo inayoshika kisanduku umeme ukiondoka, lakini betri hiyo ilikuwa imekwisha kutangulia Bulengera. Kwa hiyo kisanduku kilizimika, kikawaka upya kikiwa kisafi, na asubuhi yote hakuna aliyekinyima kitu. Kilifaulu mtihani ambao hakikuufanya. Na nani angejua? Ua mzima ulikuwa kanisani, isipokuwa mimi na pasi yangu.

Niliitupa ile nguo juu ya meza, tukapanda pikipiki moja, mimi, yeye na dereva. Njia nzima nilimwombea Anne-Marie na kumtukana aliyetengeneza pasi yangu.

Tulikuta mabeseni yote yako ndani na Papa Henri anafunga mlango. Jemima akamweleza. Papa Henri hakusubiri mwisho.

"Hapana! Jana ulisema iko muzuri. Leo unaleta kosa yako juu ya samaki ya batu?"

"Papa Henri, jana nilisema uongo bila kujua. Tuwashe kosa hapa, leo, tuone."

"Mais si iko inatembea! Taa si iko ya kijani? Wacha kitu yenye iko inatembea!"

Anne-Marie alikuwa amesimama nyuma yao, akipangusa mikono kwenye kitenge. Niliogopa atalia. Akauliza taratibu:

"Jemima, kama hiyo kosa inakuja yenyewe, na sisi hatuko hapa?"

"Sijui, Mama. Ndiyo ile naogopa."

"Basi haribu," akasema. "Haribu sasa, tukiwa hapa."

Papa Henri akashika kamba ya jenereta, tayari kuiwasha kwa mkono. Jemima akaunganisha kompyuta yake, akapanda kosa, akahakikisha limekaa. Kisha wakakata umeme, betri ikabaki kukishika kisanduku.

Taa ya kijani iliendelea kuwaka pale pale, haina aibu. Jenereta haikutikisika. Tulingoja, tukangoja tena. Papa Henri akavuta kamba, jenereta ikanguruma. Anne-Marie alikuwa ameweka kiganja juu ya mlango wa samaki wake.

Jemima akageuza beseni tupu, akakaa juu yake, kompyuta mapajani. Akaona kilichotokea: programu iliponyimwa, ilikaa kungoja bila mwisho, yule mjinga wa barazani hasa, na taa iliwaka kivyake bila kuiuliza. Alifanya kazi mpaka jua likaanza kushuka. Aliipa programu nafasi yake mapema, iishike tangu inapowashwa, isiende kuomba wakati wa shida. Na ikikwama, mlinzi mwingine aizime na kuiwasha upya, na taa igeuke nyekundu.

"Tena," akasema.

Safari hii alitusomea kwanza, kwa sauti, kwamba kosa bado liko hai. Wakakata umeme. Jenereta ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikashika. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia, na Papa Henri akacheka huku akijifuta macho, akisema ni moshi. Jemima akaharibu kwa njia nyingine, na nyingine tena, na kila mara ikashika. Mwishowe akaondoa makosa yake yote, akavuta waya, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nami nilishusha yangu. Sijui kitu cha kompyuta, lakini furaha ile niliijua.

Anne-Marie akakaanga samaki pale pale uani, tukaletewa bugali na sombe ya majani ya muhogo, nami nikamsimulia ajali ya pasi yangu na satini. Tulikuwa katikati ya kula umeme ulipoondoka, wenyewe, bila kupiga hodi.

Sote tulimtazama Anne-Marie. Jemima aliacha kutafuna. Nyuma ya ukuta jenereta ikakohoa, ikashika, ikatulia katika mngurumo wake.

Anne-Marie hakuinuka. Alimega bugali, akaichovya katika sombe, akanigeukia.

"Mama Safi," akasema, "ile nguo ya bibi arusi, alama itatoka?"