Marehemu Aliyelima Jumapili

Nilipokuwa mtoto, Bibi yangu alinishika sikio, akalivuta taratibu, akaniapisha kwa Bikira Maria kwamba kuna jambo sitamwambia mtu yeyote mpaka yeye atakapokufa. Alikufa zamani. Sasa na wewe niahidi hivyo hivyo: hili lisifike kwetu Izigo, maana wajukuu wa baba yangu mkubwa, Ta Laurenti, bado wapo kule, na mmoja wao hunisalimia vizuri sana nikienda kwenye mazishi. Umeahidi? Haya. Ukishindwa kunyamaza sitakulaumu. Mimi mwenyewe nimenyamaza mpaka nimechoka.

Baba yetu, ambaye sisi tulimwita Tata, alikwenda Bukoba mjini na magunia ya kahawa, mzima kabisa, akitutania kwamba akirudi tutakuwa tumeota ndevu. Alirudi na homa. Wiki haikuisha tukamzika nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, kama tunavyozika sisi Wahaya, kila ukoo na wafu wake palepale kibanjani. Kibanja kwetu si shamba tu. Ni migomba na kahawa inayozunguka nyumba, na chini yake wamelala wazee. Ukikipoteza, umepoteza na makaburi.

Nyasi za msibani zilikuwa bado zimetandazwa sebuleni ulipokuja upepo na mvua ya mawe. Sijapata kuona tena kitu cha namna ile. Migomba ililala yote upande mmoja, ndizi changa zikapasuka, maharage yakasagwa, maua ya kahawa yakatapakaa chini. Mama alitoka nje akiwa na mdogo wetu mgongoni, akatazama, akarudi ndani. Bibi naye alitoka, akatazama, akasema, "Bwana ametoa siku ngumu." Kisha akaomba panga. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, kwa hiyo alikata majani akiwa amekaa chini, akisogea kwa makalio kutoka mgomba hadi mgomba, huku anasali rozari. Majirani wangesaidia, lakini na wao migomba yao ilikuwa imelala.

Siku ya kuondoa matanga, Ta Laurenti alisimama. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa Tata, mtoto wa kwanza wa Bibi, na ndiye aliyesemea ukoo. Yeye na Tata walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mibuni fulani ya mpakani, nani aliipanda na nani aichume. Tata alikufa hawajapatana. Ta Laurenti akasema, bila kumtazama Mama, kwamba marehemu ameacha wasichana watupu, na kwamba ukoo utangoja mavuno ya kahawa. Kibanja kikikutwa kimetunzwa, mjane atakaa. Kikikutwa kichaka, ukoo utakichukua. Aliposema hivyo Mama alikuwa anang'oa nyasi za sakafuni moja moja, anazikunja, anazitupa.

Kuanzia hapo Ta Laurenti hakuonekana tena kanisani. Mkewe, Ma Adelina, alieleza kila Jumapili kwamba ni goti. Goti linamuuma, goti limevimba, goti halikunjiki. Wanawake walilisikiliza goti lile kwa subira kubwa.

Sasa ndipo mambo yalipoanza. Jumapili moja tulirudi kutoka Misa tukakuta migomba iliyokuwa imelala karibu na kaburi imeondolewa. Mashina yamekatwakatwa na kutandazwa vizuri chini, machipukizi yamepaliliwa, na mgomba mmoja uliokuwa umeinama umeegemezwa kwa nguzo yenye panda juu na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Hapakuwa na mtu. Jumapili iliyofuata, sehemu nyingine. Siku za kazi, hakuna kitu. Ni Jumapili tu, saa ya Misa, wakati kijiji kizima kiko kanisani.

Ma Paskazia, jirani yetu, ambaye Mungu alimpa macho mawili na masikio yanayotosha watu sita, ndiye aliyetamka kwamba ni kazi ya marehemu. Alisema marehemu mmoja wa kijiji cha ng'ambo aliwahi kufanya hivyo, akarudi kulima. Alisema walio hai wakienda kusali, wafu hupata nafasi. Na akamwambia Mama kwa sauti ya kumhurumia, "Ma, lia ulie, lakini ndizi hizo usile. Ndizi iliyotunzwa na marehemu, anayeila anamfuata kabla ya msimu kwisha."

Wewe unacheka. Mimi sikucheka. Ila nitakuambia kweli, woga wangu ulikuwa mdogo kuliko udadisi. Nilitaka kujua mengi. Je, Tata alikuja na kofia yake au bila kofia? Panga alilitoa wapi, wakati lake tulikuwa nalo ndani? Wafu hutokwa jasho? Nilikwenda mchana kuangalia kama kaburi limefunguka, nikakuta saruji iko vilevile na mjusi amekaa juu yake anaota jua. Nikamuuliza Mama kama Tata, akija, anatuona sisi tuko kanisani au anafikiri tumehama. Mama alinipiga kofi, halafu akanikumbatia, yote kwa mkono uleule.

Njaa ikaingia, na hii ndiyo sehemu isiyochekesha. Ile migomba michache iliyoegemezwa ilianza kukomaza mikungu, mikungu minene, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Majirani walituletea viazi vitamu mwanzoni. Baadaye wakapunguza. Baadaye wakawa wanapita njia ya juu, wasipite kwetu. Tulikaa tunatazama chakula kimening'inia mlangoni. Mama akaamua: sikukuu ya Ekaristi ikiisha, Jumatatu yake, atatuchukua twende Kimwani kwa ndugu zake. Kila mtu alijua maana yake. Akiondoka, kibanja kinarudi kwa ukoo, na harudi tena.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka na panga lake, akaenda mpaka kwenye mgomba wa kwanza ulioegemezwa. Hakukata mara moja. Aliinama akatazama kile kifundo cha kamba kilichofunga nguzo, akakigeuza kwa kidole, akakitazama tena. Nilikuwa nyuma yake. Nilimsikia anaguna. Halafu akaangusha mkungu.

Alimenya mwenyewe, akapika mwenyewe, ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage ya kuomba kwa watu. Ma Paskazia alifika kuazima chumvi, na watu wengine wawili walifika kuazima kitu ambacho hawakukumbuka. Bibi akaketi kwenye mkeka, akafanya ishara ya msalaba, akasema kwa utulivu, "Mungu alinipa watoto wawili. Sijawahi kulishwa sumu na yeyote kati yao." Akala. Alikula taratibu, akalamba vidole, akaomba maji.

Tulimtazama siku hiyo, tukamtazama siku iliyofuata. Mimi nililala karibu naye makusudi nisikilize kama pumzi inaendelea. Bibi hakufa. Alianza hata kunenepa shavuni. Lakini Mama alisema mzee amekwisha kula miaka yake, watoto bado, na hatajaribu jambo hilo kwetu. Akaendelea kukunja nguo kwenye sanduku. Nilimchukia kwa hilo, na leo nikiwa mama na bibi sielewi ningefanya nini tofauti. Aliyefiwa ghafla hana imani kubwa ya kugawa. Ile aliyokuwa nayo aliitumia kuamka asubuhi.

Haya, sasa siri yenyewe. Sogea.

Siku chache kabla ya sikukuu, Bibi alifunga kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba, ile tunayoichemsha na majani na kuikausha, akaniambia nimshike mkono twende kwa katekista. Njia yote alikuwa anachechemea na kusali. Tulipofika, katekista alipokea kahawa, akatafuna, wakaongea habari za mvua. Kisha Bibi akamwomba jambo. Kila mwaka, maandamano ya Ekaristi yalizunguka kwa barabara kubwa hadi shuleni na kurudi. Bibi alitaka mwaka huo yakate katikati, yapite ndani ya kibanja chetu, kandokando ya kaburi, kwa heshima ya marehemu. Na alitaka yaanze mapema, Misa ikiisha tu, watu wasitawanyike.

Katekista akasema watu watauliza kwa nini.

"Waambie barabara ina matope," Bibi akasema.

"Ma, barabara ni kavu."

"Basi omba mvua," akasema Bibi. "Wewe ndiye katekista."

Tulipotoka ndipo aliponivuta sikio na kuniapisha. Nilimuuliza kama anataka Yesu amfukuze Tata kibanjani. Akasema hapana, Tata amelala na anapumzika, asisumbuliwe. Anataka Yesu apite tu aone kazi inavyokwenda. Mpaka leo nikikumbuka jibu lile natabasamu peke yangu jikoni. Bibi alimwamini Mungu kwa moyo wote, lakini hakuona ubaya wa kumwonyesha njia.

Nimeolewa Kanazi, nimezeekea hapa. Nimezika mume. Mnyauko umeingia kwenye migomba yangu mara moja nikang'oa karibu yote, nikaanza upya na machipukizi ya kupewa. Bei ya kahawa inapanda na kushuka bila kutuaga. Wajukuu zangu huniuliza nawezaje kukaa na kucheka, wanadhani ninajua dua fulani ya siri. Sijui dua zaidi ya zile za kila mtu. Ninachojua ni yule mwanamke anayejikokota kwa makalio kwenye majani yaliyolala, panga mkono mmoja, rozari mkono mwingine, asiyejua kesho atakula nini, na bado ana nafasi kichwani ya kupanga hila. Hakungoja aelewe kwanza kwa nini mawe yalitupiga sisi. Aliikusanya imani kama alivyokusanya yale majani, alipofikia, kisha akasogea mbele kidogo.

Basi, siku ya sikukuu. Misa iliisha, katekista akatangaza habari ya matope bila kumtazama mtu usoni, na maandamano yakaanza. Mbele msalaba, kisha wasichana wadogo wenye vikapu vya maua, mimi nikiwa mmojawapo, nyuma yetu padri chini ya mwavuli amebeba Ekaristi, na nyuma yake kigango kizima kinaimba. Mama alitembea na mtoto mgongoni. Sanduku lilikuwa tayari limefungwa nyumbani. Bibi alikuwa karibu nami, anachechemea haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Tulipofika njia panda, msalaba ukakata kushoto kuingia kwenye migomba, na nyimbo zikayumba, maana wengi walikumbuka ni kibanja cha nani. Ma Paskazia alifanya ishara ya msalaba mara nyingi sana.

Na pale, kando ya kaburi, alikuwepo mtu.

Hakuwa Tata. Alikuwa Ta Laurenti, shati amelivua, jasho linamtiririka mgongoni, panga limechomekwa ardhini. Amekumbatia mgomba. Ule mgomba ulikuwa na mkungu mkubwa kuliko yote, na nguzo ilikuwa imeteleza. Alikuwa ameuwahi kwa mikono na bega, na nguzo iko chini, hawezi kuifikia. Alisikia nyimbo kutoka mbali, lazima alisikia. Angekimbia tungekuta mkungu umepasuka na tungeendelea kusema ni marehemu. Hakuachia.

Nyimbo zikakatika moja moja. Ma Adelina akaziba mdomo. Yule aliyesema kibanja kikiwa kichaka ukoo utakichukua alisimama mbele yetu na udongo hadi magotini, na hakuna mtu wa ukoo ambaye angeweza tena kusema hakijatunzwa. Baadaye nilikuja kusikia kwamba hakuwa anakwenda kanisani kwa sababu moja: kila akisali Baba Yetu alifika pale pa kusameheana akashindwa kupita, kwa ajili ya mdogo wake na ile mibuni. Bibi naye alikuwa amekitambua kile kifundo tangu siku ile; kilikuwa cha mwanawe.

Padri alisimama. Kengele ikalia. Watu wote tukapiga magoti kwenye majani makavu, wazee kwa watoto, hata Ma Paskazia. Ta Laurenti peke yake akabaki amesimama, mikono imeshika mgomba, uso ameuficha kwenye shina.

"Usiachie, Laurenti," Bibi akasema kutoka chini alipopiga magoti, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Bwana anaona una kazi."

Kisha Mama akainuka. Peke yake, kengele ingali inalia, akapita mbele ya padri, akaokota ile nguzo, akaiweka panda yake chini ya shingo ya mkungu, akaisukuma mpaka ikashika. Ta Laurenti akaondoa mkono mmoja, akangoja, akaondoa wa pili. Mgomba ukasimama.

Naye akapiga magoti. Na lile goti, ambalo tangu matanga halikuwa likikunjika, likakunjika vizuri kabisa, mbele ya kigango kizima.