Sauti Iliyobaki Kazini

Wengi waliomjua Bi Stesheni hawakuwahi kumwona. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa ndani ya kibanda cha vioo juu ya jukwaa la kwanza, akibonyeza kitufe chekundu, akimeza mate, akihesabu mbili, ndipo aseme: "Shikamooni wazee wangu, hamjambo vijana. Treni ya saa mbili inaingia jukwaa la tatu." Salamu ile haikuwamo kwenye karatasi za kazi. Aliiweka mwenyewe siku ya kwanza, maana hakuona mtu mwenye akili timamu anawezaje kuanza kuongea na umati bila kuuamkia. Mkubwa wake alinung'unika wiki nzima, kisha akazoea.

Alipofika miaka arobaini na sita walimwingiza kwenye chumba chenye kuta za sponji, akasoma kila saa, kila jukwaa, kila neno la kuomba radhi kwa kuchelewa, siku mbili mfululizo. Ni akiba, walimwambia, ya siku utakazougua. Hakuugua. Alistaafu akiwa na miaka sitini, akakatiwa keki, akapigiwa makofi, na asubuhi iliyofuata, akiwa jikoni kwake nyuma ya reli anamenya viazi, akasikia mtu akiwaamkia wazee.

Alikuwa yeye.

Mwanzoni alicheka. "Mama, wamestaafisha mwili tu," binti yake alimtania. Waliishi wawili humo ndani. Wiki ya tatu, mezani, Bi Stesheni akasema, "Nipe chumvi, mwanangu," na papo hapo kipaza sauti cha stesheni nacho kikasema chake. Wakasema pamoja, sauti ile ile, moja jikoni, moja dirishani. Binti akaangua kicheko. Bi Stesheni alihisi kitu kimemvuta kooni, kama kamba ambayo ncha yake ya pili imeshikwa na mtu mwingine. Sauti ni moja, aliwaza. Ikiwa iko kule, hapa natumia ya nani?

Hakusema tena.

Mwezi ukaisha, ukaingia wa pili. Jirani akasema ana shetani. Mwanawe wa kiume, aliyeishi mji wa mbali, akasema kwenye simu kwamba ni uzee huo, angekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kumchukua akakae kwake moja kwa moja. "Kama hataki, aseme mwenyewe," alimwambia dada yake, wala hakukusudia ubaya. Bi Stesheni alisikia kila neno. Nyumba ile aliijenga chumba kwa chumba, na alijua kila ufa wake. Moyoni alipiga ukelele wa hapana. Mdomo ukabaki umefumbwa.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo binti aliliona siku moja ameshika bakuli, akaogopa hata kulitaja. Kipaza sauti kikiita, midomo ya mama yake ilicheza. Hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba midomo ndiyo iliyotangulia.

Walianza kwenye kliniki moja ambako kijana alimwita Bi Stesheni kwa jina lake tupu, kama mtu aliyecheza naye gololi, akamsogezea karatasi yenye vikatuni vya nyuso. "Huzuni yako ni namba ngapi?" Bi Stesheni akagusa uso wa katikati, kwa adabu tu, asimvunje moyo mtoto wa watu.

Ndipo binti akampeleka kwa mnasihi mmoja, mwanamke wa rika lake binti, mwenye chumba nyuma ya duka la dawa. Huyu alisimama kumpokea, akamwamkia, akauliza habari za nyumbani, za miguu, za usingizi, akijibiwa kwa kichwa wala asionyeshe haraka. Hakuketi ng'ambo ya meza. Alivuta kiti akakaa ubavuni, wote wakitazama dirishani, kwa kuwa ni vigumu mtu mzima kutoa ya moyoni huku mdogo wake anamkodolea macho.

Binti akaeleza yote, la shetani na la midomo.

"Wewe unaamini hayo?" akamuuliza mnasihi.

"Dada, hamkunijia nibishane na jirani yenu. Ninachoona, mama ametoka kazini na sauti yake haijatoka. Hata mimi ningechanganyikiwa. Kuna aliyekwenda kumwona huyo anayesema?"

Wakatazamana. Hakuna.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya mwana kufika, mnasihi na Bi Stesheni walikaa kwenye benchi la jukwaa la tatu. Midomo ya mama ikaanza kucheza bila sauti. Ndipo juu ya nguzo: "Shikamooni wazee wangu..." Mnasihi akaitazama midomo ile, kisha nguzo.

Mchukuzi mzee wa mizigo akainua kofia. "Marahaba, mwanangu!"

"Mzee, unaitikia spika?" mnasihi akamuuliza.

"Niamkiwe ninyamaze, mimi gogo? Tena huyu binti ana adabu kuliko wewe, umenipita hapo getini kimya!"

Mnasihi akamwamkia haraka haraka. Mabega ya Bi Stesheni yakatikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

"Mama, huyo anayesema alikuwa na miaka mingapi?"

Akaonyesha kwa vidole: arobaini na sita.

"Basi si wewe. Ni mdogo wako huyo, wamemwacha peke yake. Anakuamkia kutwa nzima na hujamwitikia hata mara moja. Labda anadhani umemnunia."

Bi Stesheni akainua macho kuelekea jukwaa la kwanza. Kule kibandani vioo vilikuwa vizito. Miaka yote ile aliamkia watu na hakuwahi kumsikia mtu akiitikia.

Treni ya saa nne ikakaribia. "Shikamooni wazee wangu," kikasema kipaza sauti, kikatua. Aliujua mtuo ule, aliupumua mwenyewe: pumzi moja. Huu ukapita pumzi moja, ukapita mbili, ukapita tatu. Juu ya nguzo kulisikika mkoromo mdogo, kama wa mtu anayengoja. Safari hii midomo yake ilikuwa imetulia.

"Marahaba," alisema. Neno lilitoka na kutu.

"...hamjambo vijana," sauti ikaendelea.

Mnasihi alitaka kusema huenda mtambo umechakaa. Badala yake akamshika tu mkono.

Jumamosi mwana alifika mchana, akaegesha gari mlangoni. Sanduku lilikuwa limefungwa tangu juzi, maana dada yake hakujua afanye nini kingine. Mwana akalinyanyua.

"Siendi, baba. Weka sanduku chini, ule kwanza."

Ilikuwa sauti nzito, yenye mikwaruzo, ya mwanamke aliyezeeka, isiyo na stesheni hata chembe. Mwana akamtazama mama yake, kisha akageuka polepole kutazama mlango, na kona, na nyuma ya pazia.

"Nani huyo?" alimnong'oneza dada yake.