Bi Geum-rye Haonji Supu ya Mwani

Kumepambazuka katika soko la mji wa Jeonju, Korea Kusini, na mvuke umeshajaa dukani. Pyo Geum-rye, mwenye umri wa miaka 68, anatwanga mchele wa kunata wa kutengenezea keki. Kila mchi unaposhuka, anatamka neno la Kiingereza na maana yake. Sikio. Jino. Kichefuchefu.

Simu aliyoiegemeza kwenye kopo inamtajia, naye anafuatisha. Akikosea anarudia, mchi haupumziki.

Kitabu cha kwanza alichonunua kilianza na maneno ya uwanja wa ndege. Alikirudisha siku hiyohiyo. "Mjukuu wangu si askari wa uhamiaji," anasema.

Mjukuu huyo ni Narae, binti wa mwanawe Tae-ho; ana miaka mitano, alizaliwa Marekani na hajui Kikorea. Mwaka jana walipokuja, wazazi walimwacha na bibi kutwa nzima. Mtoto akalia. Bibi akadhani ni njaa, akamlisha keki, akamlisha na uji. Kumbe sikio lilikuwa limejaa usaha.

"Aliniambia, tena mara nyingi," anasema, na hapo mchi unasimama. "Mimi ndiye sikumwelewa. Inaniuma mpaka leo."

Narae anarudi kwa sikukuu ya mavuno, wiki mbili zijazo. Geum-rye ameshaomba waachwe wawili tena.

Mwenye mtihani hapa hula keki ya kunata ili masomo yanate kichwani, wala hagusi supu ya mwani, maana inateleza. Geum-rye amewauzia wanafunzi keki hizo miaka mingi akiwacheka kimoyomoyo. Sasa hacheki. Jana ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, siku ambayo supu hiyo haikosi mezani, na mumewe, mzee Do-sik, aliamka mapema kumpikia.

"Mama Tae-ho, umri huu unaogopa mtihani gani?" alimtania.

"Kunywa wewe, usiye na cha kusahau."

Mzee alimaliza mabakuli yote mawili huku akinung'unika.

Neno la kizunguzungu limemgomea wiki nzima. Leo limekuja, likatoroka tena. Anafuta jasho, anaanza upya.

Supu hajaisusa moja kwa moja. Anapanga kuipika siku ya mwisho ya Narae, wainywe pamoja.

"Akiikataa, ataniambia kwa nini," anasema, akiunyanyua mchi. "Na safari hii nitamwelewa."