Mabao Kumi na Moja ya Baba

Baba alituachia mabao kumi na moja, na hakuna hata moja alilonunua. Yote aliwanyang'anya watu. Yalikuwa chini ya kitanda chake, yamefunikwa kwa gunia la pamba. Tulipokwisha kuondoa tanga, mimi na mdogo wangu tuliyaburuta mpaka barazani tujue la kuyafanya.

Mdogo wangu alikuwa amekuja kutoka Mwanza na alikuwa na haraka ya kurudi. Mchezo wowote wa kukaa chini na kufikiri ulimshinda tangu utotoni, na baba alimwita gogo mbele za watu mpaka siku anaondoka nyumbani. Alishika ubao wa drafti uliochorwa kwa mkaa, vizibo vya soda vimefungwa ndani ya soksi, akauliza, "Hii ya nani?"

Nilimwambia ya nani. Nilijua mabao yote na wenyewe. Hili la fundi cherehani, aliyelia. Ile ludo ya karatasi iliyobandikwa kwenye kipande cha sanduku ni ya mwalimu mwenzangu, ambaye mpaka leo hunisalimia akiangalia pembeni. Lile lenye ufa ni la katekista, na ufa ni wake pia, alilipiga chini kwa hasira. Nilikuwa nafurahia kusimulia, siwezi kukataa.

"Tuwarudishie wenyewe," mdogo wangu akasema.

"Walifungwa," nikamjibu. "Aliyefungwa harudishiwi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya baraza la baba. Ukifungwa mara tatu mfululizo unaacha bao lako, na hutoki kwa njia uliyoingilia. Unapita nyuma, katikati ya zizi, mchana kweupe, na viatu vyako, huku baraza zima linakuzomea. Wakati wa masika mavi ya ng'ombe yalifika kwenye vifundo vya miguu. Na bado watu walikuja, kila mmoja akidhani safari hii ni zamu ya mzee kufungwa.

Sitasema baba alikuwa mtu mwema aliyeharibiwa na shida. Alikuwa mkali tangu zamani. Ila alipokuwa fundi wa mitambo kwenye jineri ya kuchambulia pamba, ukali wake ulimalizikia kwenye mashine. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na mizani zao na malori yao, jineri ikapata mwenye mali mwingine, na asubuhi moja karatasi ya majina ya waliopunguzwa ikabandikwa getini. Jina la baba lilikuwemo. La rafiki yake wa kijiji cha Nkololo, waliyefanya naye kazi kwenye mashine moja miaka yote, halikuwemo. Huyo alibakizwa kuwa mlinzi. Baba hakumlaumu kwa neno hata moja. Alimwalika aje wacheze.

Yule rafiki alikuja na isolo yake, bao letu la Kisukuma, lenye mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne. Alilichonga baba yake mzazi. Akafungwa mara tatu, akaliacha, akapita zizini na kiatu kimoja kikabaki humo. Mimi nilikuwa dirishani, msichana mkubwa wa kuolewa, na nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Nilichokuwa najua mimi, na baraza zima halikujua, ni kwamba baba alikuwa mwizi. Mvua ikinyesha na watu wasipokuja, alinikalisha sebuleni anifundishe, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kufanyia mazoezi. Isolo ni ya wanaume, kwa hiyo barazani sikuruhusiwa hata kusimama karibu. Siku moja nikaona akigawa kete huku kidole chake kidogo kimejikunja, hakifunguki.

"Baba, mkononi mwako mna kete."

Akafungua kiganja, akacheka. "Umeona. Siku utakayobana kete nisione, ndiyo siku nitakayokuita mchezaji."

Nilijaribu miaka na miaka. Nilijaribu nikiwa binti, nikajaribu nikiwa mke wa mtu nimekuja kusalimia, nikajaribu nikiwa nimeachika nimerudi nyumbani. Kila mara alinidaka mkono na kunibana mpaka nikaachia, na kila mara alisema neno lilelile, bado. Akafa hajaniita. Hilo ndilo lililoniliza msibani, na majirani walinipa pole wakidhani namlilia baba.

Tulikuwa bado tunapanga mabao pale barazani alipoingia yule mzee wa Nkololo. Kijana wake mkubwa alikuwa amempakia kwenye keria ya baiskeli, maana macho yote mawili yalikuwa yameshikwa na mtoto wa jicho. Kijana alikuwa akimnunulia pamba mmoja wa wale matajiri wapya, na alivaa shati la mitumba lililopigwa pasi vizuri.

"Mwadila, mayu," mzee akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

Akatupa pole zake, akanywa maji, kisha akasema, "Ng'wanone, mwanangu, nimefuata isolo yangu. Nilimwazima marehemu. Mimi naye tutaonana karibuni, sasa nataka nimkabidhi huyu, kama baba yangu alivyonikabidhi mimi."

"Ametuambia miaka yote," kijana akaongeza, anatabasamu. "Bao la babu lipo Bariadi kwa rafiki yake."

Mdogo wangu alikwisha kuliinua. Nililikanyaga likarudi chini.

"Mtu akiazima bao hapitishwi zizini," nikasema. "Baba, mweleze mwanao ulitokaje hapa siku ile."

Kijana akaacha kutabasamu. Mdogo wangu akaniita dada, kwa sauti ya kunisihi, nikamwambia anyamaze. Mzee aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo yake.

"Nilifungwa," akasema.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa na kiti cha baba, nilikuwa na baraza la baba, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na wa kunifukuza. Nikamwambia tucheze, mara moja tu, akinifunga alichukue. Kijana akasema baba yake haoni, tena tangu lini mwanamke anacheza isolo.

"Tega kete," mzee akaniambia.

Alicheza kwa vidole. Alipapasa kila shimo akihesabu kwa Kisukuma, polepole, na kila alipogawa kete hakuna hata moja iliyoanguka nje. Alikula mashimo yangu mawili, halafu matatu. Nikaelewa kwamba baba hakuwahi kumfunga mtu huyu kwa akili, na mimi sitaweza. Basi nikakunja kidole kidogo.

Vidole vyake vikapita kwenye shimo lililopungukiwa kete, vikasimama, vikarudi kupapasa tena. Nikasubiri anidake mkono kama baba. Hakunidaka. Akachukua kete za shimo jingine kabisa, akacheza mchezo ambao hata mtoto asingeucheza, akaniachia upande wake wote. Nikala, nikala tena, mpaka akaishiwa kete.

"Nimefungwa," akasema kwa sauti, ili mwanawe asikie.

Aliposimama kuaga alinyoosha mikono kutafuta mkono wangu. Ulikuwa bado umefumba. Akaushika kwa mikono yake miwili kwa heshima, kama tunavyowaaga wakubwa, akainama karibu na sikio langu.

"Baba yako alikuwa anabana mbili," akasema. "Nilimwachia kwa sababu ya jineri. Wewe umebana moja, na sijui nimekuachia kwa sababu ya nini. Lakini mkono ni wake. Wewe ni mchezaji."

Kijana akamwambia, "Baba, baiskeli ipo huku mbele." Mzee akatanguliza fimbo, akazunguka nyumba akishika ukuta, akaingia zizini peke yake. Masika yalikuwa yameanza. Tulimsikia akivuta mguu mmoja, kisha mwingine, na mwanawe akakimbia kumfuata na shati lake jeupe.

Bao lilikuwa miguuni pangu. Ningeweza kumwita, sauti nilikuwa nayo. Nililichukua nikalipangusa udongo wa kandambili yangu.

"Amekwambia nini?" mdogo wangu akauliza.

"Amenisifu," nikasema.