Majina Yaliyokuwa kwenye D

Juzi, kwenye saiba ya Migori, duka la intaneti, nikiwa na mtoto mgongoni, kompyuta iliipa flashi yangu herufi mpya: E badala ya D. Hasira ikanipanda, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni.

Mama alikuwa karani wa shule Homa Bay. Alasiri ile nilikuwa naye; ofisi ilinuka wino na vumbi lililopata moto. Fundi alikuwa ameongeza diski ya pili kwenye kompyuta, akaenda zake. Mama akafungua D, diski alimohifadhi kazi yake. Majina ya watahiniwa hayakuwepo.

"Mama Atieno, umefuta," mwalimu mkuu alisema.

"Sijagusa, mwalimu."

"Kwani yametembea?"

Akamwachisha kazi palepale. Kumbe diski mpya ilichukua herufi D, ile ya zamani ikaitwa E, na majina yakabaki salama humo. Hakuna aliyejisumbua kuangalia.

Mimi nilimwamini mwalimu mkuu, kwa kuwa ndiye aliyevaa tai. Njiani nikauliza, "Mama, ulifuta kwa nini?"

Aliuachia mkono wangu, tukatembea hivyo mpaka nyumbani.