Kadi za Mzee Maana

Miaka miwili mizima Mzee Maana, katika kamusi anayoitunga, alikuwa kwenye neno moja la Kiingereza, hedi, na bado hajalimaliza. Nyie mnadhani hedi ni kichwa, basi? Mwalimu huyu mstaafu atawacheka. Msumari una hedi, foleni ina hedi, shule ina hedi, hata kitanda kina hedi yake, ambayo sisi tunaiita mchago. Kila maana na kadi yake, na kila kadi na mfano wake wa Kiswahili. Mfano wenyewe hakuutunga kamwe. Sharti lake lilikuwa usikike kwa mtu aliye hai, kisha uandikwe na tarehe.

Kadi zikajaa meza ya sebuleni, meza ndefu pekee ya nyumba ile. Mkewe, fundi wa nguo, akawa anakata vitambaa sakafuni, amepiga magoti, na magoti yenyewe si ya juzi. Kila akiomba meza, mumewe huitikia, "Kesho, mama," huku kalamu inatembea.

Safari hii kulikuwa na nguo sita za harusi, zinatakiwa Jumamosi. Asubuhi fundi alishindwa kuinuka mpaka akashika kabati. Hasira zikampanda. Mzee alipotoka kwenda kununua mkate, yeye akachukua kikapu aanze kuzikomba hizo kadi. Ya kwanza akaisoma. Macho hayana pazia.

"Una kichwa kigumu, Mwalimu, niachie meza." Machi, mwaka juzi. Ya pili: "Kichwa kinaniuma kwa kuinama." Ya tatu: "Angalau nipe huku kichwani mwa meza." Kadi kumi na tisa, zote maneno ya fundi mwenyewe, hakuna lililokosewa. Kumbe mtu huyu alikuwa anasikia! Na yeye siku zote alimsamehe akidhani anaitikia tu, masikio yamechoka.

Mzee aliporudi alimkuta ameketi, kadi zimepangwa kwa tarehe mapajani. Akaambiwa asome. Akaanza kwa madaha ya darasani. Kufika ya saba sauti ikashuka, ya kumi akaishusha kadi.

"Mimi naomba meza, wewe unaandika?" mkewe akauliza.

"Nilidhani nikishaandika, nimeshasikia."

Mzee akabeba kadi zote akazisukuma chini ya kitanda, akarudi kufuta meza kwa mkono wa shati lake. Fundi akatandaza kitambaa, akiwa amesimama wima.

"Shika ncha hiyo," akamwambia. "Na kalamu uiweke chini."