Sura ya Baba kwa Herufi

Dadangu huniambia nina wazimu. Mtu mzima atoka kazini, badala ya kwenda barazani akae na wenzake, akimbilia printa kongwe inayolia kama cherehani mbovu, achora milango ya Mji wa Kale kwa herufi. Ndiyo, kwa herufi. Printa yenyewe ilitupwa na ofisi yetu ya Kilindini, nikaiomba kabla haijachukuliwa na wauza vyuma. Naandika programu fupi ya kupima weusi na weupe wa picha: penye giza herufi hupigwa juu ya herufi mara kadhaa, penye mwanga hupigwa mara moja tu. Ndivyo walivyofanya watu wa kompyuta za mwanzo. Tuna kikundi cha WhatsApp, watu wa nchi mbalimbali wenye ugonjwa huu huu. Mimi nawatumia milango, wao wananitumia paka. Sijui wana nini na paka.

Mamangu hakuwa na neno na milango. Picha za watu ndizo asizozitaka nyumbani, kwa kuwa malaika hawaingii penye sura. Marehemu baba alikuwa mkali kumshinda: hakupigwa picha hata siku ya harusi yake. Picha yake ya pekee ilikuwa kwenye kitambulisho, nacho tulikirudisha serikalini tulipofuata cheti cha kifo.

Siku moja tunakunywa chai, mama akasema, bila hata kulia, "Uso wake wanitoka. Kofia naikumbuka, ndevu nazikumbuka. Uso siupati."

Niliumia sana. Nikapekua makaratasi ya nyumbani, nikapata fotokopi ya kile kitambulisho, nyeusi tititi. Niliihangaikia wiki nzima. Na kwa kuwa nilijiona fundi, nikakataa kutumia herufi ovyo ovyo. Nikatumia jina lake, likarudiwa mstari kwa mstari mpaka akatoka yeye.

Nilimpelekea mama na hoja yangu mkononi. "Mamangu, hii si picha. Ni maandishi."

Akavaa miwani, akasoma kwa kidole. Ghafla kidole kikasimama. "We! Hili si jina la babako?"

"Ndilo."

"Na babako ni Abdu nani?"

Lahaula! Sikuwa nimefikiri. Jina la baba ni Abdu, kisha linafuata jina la Mola wake, nami nimelijaza puani na mashavuni. Na karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jaani.

"Umenifunga," mama akasema. "Kuitundika siwezi, ni sura. Kuitupa siwezi, ni jina. Elimu yote hiyo, mwanangu! Na huyo babako mwenyewe simuoni. Naona herufi tu."

"Kwa karibu haonekani," nikamwambia, nikarudi nyuma na karatasi yangu.

"Rudi tena."

Nikarudi mpaka mwisho wa ukumbi, mgongo ukagusa ukuta. Nikachungulia kando ya karatasi. Mama amevua miwani, mkono uko mdomoni, machozi yamteremka.

"Ndiye," akasema. "Ndiye kabisa, na uchokozi wake machoni." Akainuka kumfuata. Hatua chache tu akasimama, maana kila akisogea baba alikuwa akigeuka herufi. Akarudi kitini upesi.

Sasa karatasi hukaa juu ya kabati, imefungwa kwa kitambaa. Baadhi ya siku, baada ya alasiri, mama huniita, "Hebu ndoo hapa, nisimamishie babako." Nasimama mwisho wa ukumbi, uso wangu nyuma ya karatasi, naye humpa habari: nani kaoa, nani kafa, na huyu mwanao mashine imemla akili, mke hataki. Nikicheka karatasi hutikisika, nagombezwa. Wale wa kikundi wamenililia niwatumie kazi hiyo. Sitawatumia ng'o. Wabaki na paka wao.

Juzi nilidhani mama amesinzia, na mikono ilishaanza kuniuma, nikaanza kuishusha karatasi.

"Usimtoe," akasema. "Siku ile ya maziko wanaume mlimtoa mbio mbio, sikuwahi kumuaga."